Viwavi Arobaini

Ujumbe wa Wawira uliingia kwenye simu yangu nikiwa nimesimama kwa mchinjaji pale Majengo, mjini Meru, nikingojea nusu kilo ya matumbo. Aliandika kwamba anastaafu uprofesa, kwamba Jumamosi itakayofuata kutakuwa na sherehe ya shukrani nyumbani kwake Karurumo, na kwamba angefurahi sana nikifika mapema ili tusaidiane kupika kama zamani. Mtu mwingine angefurahi kukumbukwa na profesa. Mimi niliona wivu palepale mbele ya nyama, wivu uleule wa miaka zaidi ya arobaini, ambao nilikuwa nimejidanganya kwamba umekwisha kwa sababu ya umri. Mchinjaji aliniangalia usoni akaniuliza, "Mama Mwenda, kuna mtu amekufa?" Nikamwambia hapana, kuna mtu amestaafu. Alinifungia matumbo kwenye gazeti bila kuuliza tena, na nilirudi nyumbani nikijiambia siendi, huku nikiwaza nitavaa nini.

Wazazi wangu na nyumba niliyozaliwa sitaandika habari zao hapa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa nyuki nje kidogo ya Runyenjes. Kituo chenyewe hakipo tena, na mara ya mwisho nilipopita, maabara yetu ilikuwa stoo ya mbolea. Tuliajiriwa wasichana wawili, mimi Karimi kutoka Meru na Wawira kutoka Karurumo, upande wa Embu, sote tukiwa tumetoka shule juzi tu. Mkuu wetu alikuwa Daktari Ireri, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyetembea na kikombe chake cha uji asubuhi yote mpaka uji ukapoa. Siku ya kwanza alituambia kwamba mwisho wa mwaka mmoja wetu atapelekwa chuo kikuu kusomea wadudu. Alisema mmoja, akainua kidole ili tusije tukakosea. Nilimtazama Wawira kwa pembe ya jicho, nikaona na yeye ananitazama hivyohivyo, na nadhani urafiki wetu ulianzia hapo, vibaya.

Kazi yetu ilikuwa damu ya viwavi. Wafugaji wa nyuki wa sehemu zile walikuwa wakituletea masega yaliyoharibiwa na viwavi wa nondo, wale weupe wanene wanaokula nta mpaka mzinga unabaki utando mtupu. Wao waliwachukia, sisi tuliwatunza kwenye mitungi ya kioo, tukiwapa nta na unga, kwa sababu Daktari Ireri alitaka kujua wanavyojikinga na ugonjwa. "Mdudu hana hospitali," alipenda kusema, "hana chanjo, anaishi kwa uchafu, na bado yuko. Sasa kwa damu yake kuna nini?" Damu ya mdudu si nyekundu. Ni ya manjano hafifu, na ikitoka nje ikakutana na hewa inageuka nyeusi wakati bado unaiangalia. Kiwavi akichomwa, pale pa jeraha panaziba kwa alama ndogo nyeusi, nayo haitoki. Akishindwa na ugonjwa, anageuka mweusi mwili mzima na kulegea. Lakini akiupata ugonjwa kidogo akapona, damu yake inajaa vitu ambavyo havikuwamo. Daktari alituonyesha. Alidondosha tone la damu ya kiwavi aliyepona juu ya sahani iliyoota bakteria, na kesho yake kulikuwa na duara safi kuzunguka lile tone, bakteria wote wamekufa. Nililiangalia lile duara kwa muda mrefu. Wawira alikuwa ameshachukua kalamu na kulipima.

Shida yangu ilikuwa mkono. Kumdunga kiwavi si mchezo: unamlaza chali katikati ya vidole, unaingiza sindano nyembamba kwenye kijiguu cha mwisho kabisa, na ukizidisha kidogo tu umetoboa utumbo, ameshakufa. Mimi nilizaliwa natumia kushoto. Mwalimu wa darasa la pili aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kamba ya katani muhula mzima, na tangu hapo niliandika kwa kulia, nikala kwa kulia, nikasalimia kwa kulia. Mbele ya mtu mzima kama Daktari Ireri nisingethubutu kutoa kushoto. Kwetu huko ni kukosa adabu, hata kama unampa mtu dhahabu. Basi nilidunga kwa kulia, na viwavi wangu walikufa kwa mkono wangu kabla hawajafa kwa ugonjwa. Katika kila arobaini niliua kumi, wakati mwingine kumi na tano. Wawira aliua wanne au watano. Alidunga huku akiimba nyimbo za kwaya kwa puani, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi mjini Runyenjes. Kila kitu mle ndani kilikuwa na unga: blanketi, Biblia ya Wawira, nywele zetu. Mchana kinu kikinguruma sufuria zilicheza ukutani, na tuliongea kwa kupaza sauti mpaka tukazoea kupaza hata siku ambazo kinu kimefungwa. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, siku nne za wiki na ndizi siku zilizobaki, ndizi mbichi za kupika ambazo mama yake Wawira alimtumia mkungu mzima. Kumenya ilikuwa kazi yangu. Mle ndani hakukuwa na mtu mzima wa kuniona, kwa hiyo nilimenya kwa kushoto, kisu kikienda chenyewe, ganda likitoka refu bila nyama hata kidogo. Jioni moja Wawira aliacha kuchochea jiko akanitazama.

"Wewe Karimi, mbona huo mkono huendi nao kazini?"

"Nilichapwa sana kwa huu mkono."

"Na nani? Hiyo viwavi haijui kushoto wala kulia."

"Daktari anajua."

Alicheka, nami nikacheka, tukala ndizi zetu. Sikuona kwamba alikuwa amejua jambo moja kunihusu ambalo hakuna mwingine kituoni aliyelijua. Nikikumbuka vyakula vya mwaka ule, nakumbuka mlo ule kuliko yote, kwa sababu nadhani ndio wa mwisho niliokula naye bila kinyongo.

Wiki hiyohiyo alikuja mgeni kutoka Nairobi kumtembelea Daktari Ireri, nami nikatumwa kupeleka chai. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikiwa nje na trei, nikasikia mgeni anauliza kuhusu wale wasichana wawili, na Daktari akajibu kwa ile sauti yake ndogo: "Huyu wa Embu ana mkono. Huyo wa Meru ana bidii." Wangesema mimi ni mjinga, ningekasirika, yangekwisha. Lakini bidii! Bidii ni neno unalomwandikia mtoto kwenye ripoti ukikosa la kumsifu. Niliingia, nikawamiminia chai kwa mkono wa kulia bila kumwaga tone, nikatoka. Tangu siku hiyo kila kitu cha Wawira kilinikera. Jinsi alivyokunja nguo. Jinsi mama mwenye nyumba alivyomwita binti yangu na mimi akaniita wewe. Barua zake. Mkungu wa ndizi wa mama yake niliokuwa nakula kila wiki na kushiba. Nilimwonea wivu mpaka usingizi wake, kwa maana alikuwa akigusa mto tu amelala, na mimi nabaki nikisikiliza anavyopumua.

Ulipofika mwezi wa kumi na moja, Daktari Ireri alitupa mtihani. Kila mmoja achague viwavi arobaini wazima kutoka kwenye mitungi yake mwenyewe, Jumatatu awadunge bakteria wakali, kisha ahesabu kila siku wanavyokufa. Ilijulikana kwamba dozi ile inamaliza karibu wote kwa siku tatu. Aliyetaka kuonekana alitakiwa tu kufanya kazi safi: viwavi wenye afya, mkono mwepesi, daftari lisilo na makosa. Kwa maneno mengine, alitakiwa kuwa Wawira. Ijumaa tulichagua viwavi wetu, tukawaweka kwenye masanduku mawili ya bati, jina la kila mmoja juu ya kifuniko. Jumamosi ilikuwa zamu ya Wawira kuchemsha chupa zilizotumika. Kila Jumamosi chupa zenye bakteria zilichemshwa kwanza kwenye sufuria kubwa na vilivyomo ndani yake, ndipo zimwagwe na kuoshwa Jumatatu. Mimi nilikwenda sokoni.

Jumapili asubuhi nilimwambia Wawira tumbo linaniuma. Alinichemshia maji, akaniachia, akaenda kanisani kuimba. Nilingoja mpaka sauti ya viatu vyake ikapotea, nikavaa, nikaenda kituoni. Mlinzi alinijua, hakuuliza kitu. Juu ya meza ya kuoshea kulikuwa na chupa ya bakteria bado ina maji yake yenye ukungu ndani. Katika hasira yangu nilisahau kwamba zilizochemshwa humwagwa Jumatatu; kwa kuwa ilikuwa haijamwagwa, nilidhani haijachemshwa. Nia yangu niiseme wazi, maana nimeificha muda wa kutosha: nilitaka viwavi wa Wawira wafe kabla ya Jumatatu, Daktari afungue sanduku akute weusi wamelegea, aseme msichana huyu hajui kutunza. Nilivuta kiti. Hakukuwa na mtu wa kuniona, basi nikachukua sindano kwa mkono wa kushoto.

Sijui nilikaa muda gani. Najua kwamba nilianza nikiwa na hasira na nikamaliza nikiwa nimetulia kama mtu anayesuka kikapu. Sindano iliingia, ikatoka, kiwavi akajikunja kidogo, nikamchukua mwingine. Mmoja, wa pili, mpaka arobaini. Nilirudisha kifuniko chenye jina lake, nikarudi chumbani, nikalala, na Wawira aliporudi akanikuta nimelala kweli. Alinipikia uji. Niliunywa wote.

Jumatatu sanduku lilipofunguliwa, viwavi wote arobaini walikuwa hai, wanene, wanakula. Nilisimama na sanduku langu mkononi, nisijue nimshukuru Mungu au nimlaumu. Wawira aliinama juu ya sanduku lake, na ule wimbo wa puani ukakatika. Alimchukua kiwavi mmoja, akamgeuza, akamchukua mwingine. Akaomba kioo cha kukuzia. Aliangalia kwa muda mrefu, akaangalia ile meza ya kuoshea, ile chupa ambayo sikuirudisha mahali pake sawasawa, kisha akaandika kitu kwenye daftari. Hakuniangalia hata mara moja. Halafu akachukua bakteria wakali, akaanza kudunga.

Viwavi wangu walikufa. Wengine niliwaua mwenyewe kwa mkono wa kulia kama kawaida yangu, waliobaki wakamalizwa na ugonjwa, na kufikia Alhamisi sanduku langu lilikuwa jeusi tupu. La Wawira lilikuwa jeupe. Walikuwa wamekufa watano tu. Daktari Ireri alikuja na uji wake, akatazama, akaweka kikombe chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Umefanya nini, Wawira?"

Nilijua kuwa sasa nimekwisha. Wawira alifuta mikono kwenye koti lake, polepole, kidole kwa kidole.

"Niliwadunga Jumapili, Daktari. Hizo za chupa ya kuchemshwa. Nilitaka kuona kama damu itajifunza kwa bakteria iliyokufa."

"Jumapili? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Jumapili alikuwa kanisani, kwenye kwaya. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Daktari alitoa damu kwa viwavi watatu wa sanduku lile, akaidondosha kwenye sahani, na kesho yake kulikuwa na maduara matatu safi, makubwa kuliko yote tuliyowahi kupata. Alimshika Wawira bega. Na mimi nikasimama pale nikiangalia kazi ya mkono wangu ikisifiwa kwa jina la mtu mwingine, nisiweze kufungua mdomo, kwa sababu ningesema ni mimi, neno ambalo lingefuata lingekuwa kwa nini.

Nafasi alipewa yeye. Tulikaa chumba kimoja wiki sita zilizobaki, kinu kikinguruma, tukipitishiana chumvi, bila kusema lolote kuhusu Jumapili. Sikujua kama alijua ni mimi. Huenda alidhani ni Daktari mwenyewe aliyemjaribu, au mlinzi, au malaika. Siku ya kuondoka aliniachia jiko lake na blanketi, na niliona wivu hata wa kuacha vitu, kwamba yeye anakwenda mahali asipohitaji jiko. Nikarudi Meru, nikapata kazi ya maabara katika shule ya sekondari, nikapanga mirija na kuchanganya dawa kwa ajili ya mitihani ya watoto wa watu mpaka nilipostaafu. Nililea, niliimba, nilikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani. Si maisha mabaya. Lakini kila gazeti lilipotoa picha yake, niliisoma habari mpaka mwisho nikitafuta kosa.

Nilikwenda Karurumo, bila shaka. Nilifika saa mbili asubuhi nikiwa nimevaa kitenge ambacho sikuwa nimekivaa mbele ya yeyote. Jiko la nje lilikuwa limejaa wanawake na moshi, na Wawira alikuwa amekaa kwenye kigoda kando, mvi kichwa kizima, na beseni la ndizi mbichi mbele yake. Alinisogezea kigoda cha pili na kisu. Nilipomshika mkono kumsalimia niliona mkono wake unatetemeka, ule mkono, kutoka kwenye kifundo mpaka ncha za vidole.

"Ni hivi miaka minne sasa," alisema. "Hata kikombe kinamwagika. Menya, Mama Mwenda. Nilikuita umenye."

Nikamenya. Kwa kushoto, kwa kuwa siku hizi mimi ndiye mtu mzima. Alinitazama nikimaliza tano, sita, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Alama zilikuwa upande wa pili."

Kisu kilisimama.

"Zile viwavi. Kila moja ilikuwa na alama moja nyeusi kwa kijiguu, na zote upande wa pili. Mtu wa kulia hawezi kudunga huko, mpaka ajikunje. Nilijua hiyo Jumatatu asubuhi, Karimi. Nilijua kabla sijachukua sindano."

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanzo nilitaka kusema. Nilitaka wakufukuze." Alichukua ganda refu la ndizi, akaliangalia. "Halafu nikahesabu. Arobaini, na hakuna hata moja ilikufa kwa mkono. Mimi sijawahi. Mpaka leo, na wanafunzi wote nimefundisha, sijawahi kuona mtu akidunga arobaini na asiue hata moja. Nikajua Daktari akiona huo mkono wako, mimi narudi hapa kuchuma kahawa. Niliona wivu, basi. Wivu ya kunitoa machozi. Ndio nikasema ni mimi."

Miaka yote nilijiona mwizi aliyeibiwa, na aibu ya wizi wangu ikanizuia kudai nilichoibiwa. Kumbe pale mezani tulikuwa wawili, kila mmoja amemshika mwenzake shati. Nilitaka kukasirika. Nilichokipata ni swali la kipumbavu.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata moja."

"Ungeniambia tu hiyo, Wawira. Hiyo peke yake."

"Najua," akasema, na machozi yakamtoka bila kelele, akayaacha yatiririke kwa kuwa mikono haikumtii.

Mchana, alipopewa nafasi ya kusema, alisimama mbele ya watu wote akaeleza kwamba jambo lililomjengea jina hakulifanya yeye. Lilifanywa na yule mama wa Meru aliyekaa pale nyuma, na yeye alilichukua kwa uongo. Sababu yangu ya kuwadunga viwavi wale hakuitaja. Aliniachia mimi, na ndiyo hii nimeiandika. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, wengine wakasimama. Walimpigia yeye, kwa ujasiri wa kusema ukweli. Nilipiga pamoja nao, nikiona wivu.

Kabla ya kuondoka nilimwomba jirani yake mmoja mfuga nyuki anipe sega lililoharibika. Alinishangaa, akanipa. Nilirudi Meru na viwavi ndani ya chupa ya asali, nikawatunza kwa nta na unga juu ya kabati la jikoni. Mimi ni mgonjwa wa sukari, sindano nyembamba hazinipungukii. Wiki iliyopita nilichemsha maji yenye chumvi kidogo, nikayaacha yapoe, nikachagua viwavi arobaini, maana sikutaka mtu aniambie ni bahati, nikavaa miwani na kukaa mezani asubuhi yenye mwanga mzuri. Nilitumia kushoto.

Nilingoja siku tatu ndipo nikampigia Wawira simu. Nilimwambia nimedunga arobaini, kwa umri huu, kwa miwani, na wote wako hai, wanakula. Nilitegemea atacheka, au aniambie hongera. Alinyamaza. Ukimya ule wa wivu niliutambua mara moja. Niliishi nao chumba kimoja mwaka mzima, na ulikuwa wangu. Nikashika simu vizuri sikioni, nikausikiliza mpaka mwisho.